Jinsi ya kugawana ufuko na wenzako Mombasa, kuanzia mchangani hadi nje ya mwamba

Jumamosi ya bamvua, yaani siku za maji makubwa, saa kumi alasiri, simama pale Pirates, ambapo kwa jina rasmi ni Ufuko wa Umma wa Jomo Kenyatta, kisha uhesabu. Maji yamepanda hadi karibu na vibanda vya mihogo. Mchanga uliokuwa mpana kama uwanja wa mpira asubuhi umebaki kama kichochoro cha Mji wa Kale. Ndani ya kichochoro hicho wamo watoto na tyubu zao, akina mama walioketi ukingoni na mabuibui yao, ngamia, wapiga picha, muuza kachiri, jetiski mbili, mashua ya vioo inayopakia abiria, vijana wa kandanda ambao bado hawajakubali kwamba goli lao limezama, na kijana mmoja anayezungusha shingo akitafuta pa kutandaza kamba za mita 24 za kaiti, ile tiara kubwa inayomvuta mtu juu ya maji.

Kijana huyo niliwahi kuwa mimi, nikatandaza. Ngamia akapita. Sitaeleza zaidi, ila kamba zilikatwa kwa kisu na nikamlipa mwenye ngamia kwa usumbufu.

Nilichojifunza siku ile ndicho kiini cha mwongozo huu: ufuko wetu hauna ukubwa mmoja. Maji huupanua na kuubana mara mbili kila siku, na ugomvi mwingi ninaouona baina ya watu wa michezo ya majini na wengine huanzia kwa mtu aliyetoka nyumbani bila kujua maji yatakuwa wapi. Kwa hiyo tuanzie nyumbani.

Hatua ya 1: Hesabu mwezi kabla ya kupakia gari

Wazee wa pwani hawahitaji simu kwa hili. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe mosi na kumi na tano za mwezi wa Kiislamu na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, ambapo bahari haipandi sana wala haishuki sana.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui, na hata wenyeji wengine hulisahau, ni kwamba hapa Mombasa saa za bamvua hazibadilikibadiliki ovyo. Maji ya bamvua hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata husogea mbele kwa takriban dakika 50. Kwa maji mafu mambo hugeuka: kujaa huangukia asubuhi, na alasiri maji huwa yametoka.

Sasa unganisha na mchezo wako. Mtu wa kaiti au wa ubao wa tanga akija siku ya bamvua, wakati wake ni saa saba hadi saa tisa mchana: maji yameshaingia nusu, mchanga bado upo. Ikifika saa tisa na nusu, teremsha kaiti, kunja kamba, kanywe dafu. Ukitaka alasiri ndefu, subiri wiki ya maji mafu. Mwenye kayaki atoke maji yakianza kujaa, arudi nayo. Wanaotaka kutazama samaki kwa miwani na mrija wachukue asubuhi ya bamvua, wakati maji yaliyobaki ndani ya mwamba, yaani kati ya ufuko na ukuta wa matumbawe, yametulia.

Hatua ya 2: Soma upepo, kisha ujue vitu vyako vitakwenda wapi vikikuponyoka

Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi. Kusi huanza Aprili au Mei na kuendelea hadi Septemba, wakati mwingine Oktoba. Pwani yetu inatazama mashariki, hivyo ukisimama ukiikabili bahari, kusi inakupiga bega la kulia na kaskazi inakupiga bega la kushoto. Zote mbili huvuma kwa mshazari kuelekea nchi kavu, na ndiyo maana bahari yetu ni rahimu kwa wanaojifunza.

Matokeo yake ni kanuni moja ambayo ningependa ibandikwe kwenye kila mvinje. Wakati wa kusi, kila kinachokuponyoka kinakwenda kaskazini, kuelekea Bamburi na Shanzu. Wakati wa kaskazi, kinakwenda kusini, kuelekea Nyali. Basi mwenye kaiti asiweke kituo chake goshini, upande unakotoka upepo, halafu umati wote ukawa demani yake, upande unakokwenda upepo. Utembee uwapite watu kwanza. Kusi ikivuma, umati uwe kusini kwako; kaskazi ikivuma, umati uwe kaskazini kwako. Kaiti ikianguka, iangukie mchanga mtupu. Ni mwendo wa dakika kumi na begi mgongoni, na najua begi ni zito.

Kuna upepo wa tatu ambao hausemwi sana: umande, upepo mwanana wa alfajiri na asubuhi unaotoka nchi kavu. Haumtishi mtu, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Unasukuma tyubu na mbao za kupigia kasia ukisimama kuelekea nje, bahari ikiwa laini kama kioo, na mtoto aliyelala juu ya tyubu hajui kama anakwenda. Ukiwa na kayaki asubuhi, wewe ndiye ulio karibu naye kuliko mtu yeyote. Mara moja moja geuza shingo uangalie.

Hatua ya 3: Ingia kwa njia ya umma, na ujue haki yako inafika wapi

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 62, inahesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Mlinzi wa hoteli hawezi kukufukuza kwenye mchanga unaofunikwa na bahari. Lakini haki hiyo ni ya kila mtu, yaani na muuza vinyago, na mvuvi, na familia iliyokuja kwa matatu kutoka Changamwe. Nimewahi kumsikia mtu wa kaiti akiwaambia watoto, "Hapa ni pahali petu pa kurushia." Pake tangu lini?

Vitanda vya hoteli viko juu ya alama ya maji. Usitandaze vifaa kati ya safu zake. Gari liache barabarani. Juu ya mchanga, hasa ule mkavu karibu na majani, kasa hutaga usiku, na mayai hukaa ardhini kwa takriban miezi miwili bila alama yoyote ya kukuonya.

Hatua ya 4: Salimu kabla ya kufungua begi

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayookoa mengi. Kila kipande cha ufuko kina wenyeji wake wa kila siku: nahodha wa mashua ya vioo, vijana wa tyubu, mama wa viazi karai, muokoaji. Anza na salamu kamili. "Salaam aleikum, mzee wangu, hali gani?" Jibu litakuja refu, lisikilize. Kisha useme shida yako: "Naomba kutandaza hapa mpaka saa tisa hivi, sitawazibia?" Asilimia kubwa watakuambia karibu, na watakuongezea habari usizozipata popote: leo kuna watoto wa madrasa wanakuja saa nane, au jana mkondo ulikuwa mkali pale mlangoni, kwenye upenyo wa mwamba.

Diko ni jambo jingine kabisa. Mahali wavuvi wanapofikishia ngalawa na mashua zao si uwanja wa wazi hata kama pako patupu saa hiyo. Mvuvi anaporudi na tanga, hana breki. Anahitaji njia yake, na mchanga wake wa kuvutia chombo. Usiegeshe jetiski hapo, usikaushe tanga lako juu ya nyavu zilizoanikwa, usikalie chombo cha mtu kupiga picha. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu aliniambia siku moja, bila hata kuinua macho: "Kijana, upepo utaupata kesho. Wavu huu ndio chakula cha leo." Nilihama.

Hatua ya 5: Tandaza kwa adabu

Kwa wenye kayaki na mbao, hatua hii ni fupi: weka chombo chako wima, kichwa kikielekea bahari, usikilaze ubavu kikaziba njia ya watembea kwa miguu. Kasia liwekwe ndani.

Kwa wenye kaiti, kaeni kidogo.

Kamba zitandazwe dakika ya mwisho, si nusu saa kabla ya kuingia. Zitandazwe sambamba na maji pale inapowezekana, zikae juu ya mchanga mkavu mbali na ukingo wa maji, kwa kuwa ukingo ndiyo barabara kuu ya wapita njia, farasi na ngamia. Kaiti iliyojazwa upepo ilazwe kifudifudi na kupakiwa mchanga wa kutosha. Mchanga mkavu wa gao moja haushiki kaiti wakati wa kusi. Ukienda kununua maji, zikunje kamba kabisa, maana hakuna anayeziona.

Acha nafasi tupu ya mita 50 upande wa demani kabla ya kurusha, yaani urefu wa kamba mara mbili. Ukikosa hizo mita 50, hakuna kurusha leo.

Na kuhusu msaidizi: watoto wa pwani wamekua wakirusha tiara za karatasi na njiti za mnazi, kwa hiyo wakiiona yako watakimbilia kuishika. Furaha yao ni ya kweli, lakini usimkabidhi mtoto kaiti. Mtafute mwenzako anayejua ishara, kisha waambie watoto wasimame nyuma yako upande wa goshi wakupigie makofi. Hufanya hivyo kwa bidii ya ajabu.

Mwenye jetiski: usijaze petroli ukingoni. Jaza mbali na maji, kwa mdomo wa kumiminia, na tambara mkononi.

Hatua ya 6: Kutoka hadi maji ya wazi

Toka moja kwa moja, ukiupa ufuko kisogo, usikate sambamba na watu. Mwenye injini aende mwendo wa mtu anayetembea hadi ampite muogeleaji wa mwisho, kisha aendelee hivyo hadi nafasi ya kama mita 200 kutoka kwa waogeleaji. Kamba ya kuzimia injini iwe imefungwa mkononi tangu ufukoni. Ukimpakia mteja, jaketi la kuokolea livaliwe na kufungwa vifungo vyote. Kulikalia si kulivaa. Na kama wewe ndiye mteja, muulize mwenye chombo kama kimekaguliwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Mwenye vyeti huvitoa kwa fahari, asiyekuwa navyo hukasirika.

Mkikutana ukingoni, anayetoka apishwe na anayerudi, kwa sababu anayerudi anaweza kuzunguka akasubiri, ilhali aliye kwenye maji ya magotini hana pa kwenda.

Hatua ya 7: Nani ampishe nani

Sheria za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, zinatumika hapa kama kwingineko, na si ngumu. Injini humpisha mwenye tanga. Tanga na injini wote humpisha anayevua kwa nyavu. Anayempita mwenzake kutoka nyuma ndiye anayekaa mbali. Na muogeleaji hupishwa na kila mtu, hata kama yuko mahali asipopaswa kuwa, utamweleza baadaye.

Matanga mawili yakikabiliana, anayepigwa na upepo upande wa kulia ndiye mwenye njia. Mwenzake apishe. Kama wote wanapata upepo upande mmoja, aliye goshini humpisha aliye demani. Kaiti na mbao za tanga hufuata hayo hayo, na kaiti zikipishana, wa goshini huinua yake juu na wa demani huishusha.

Ukiitafsiri kwa Mombasa inakuwa nyepesi kukumbuka. Wakati wa kusi, anayekwenda nje anapigwa na upepo kulia, hivyo yeye ndiye mwenye njia. Wakati wa kaskazi, ni yule anayerudi. Karibu na ukingo, lakini, adabu ya hatua ya 6 inatangulia.

Ngalawa zina hadhi yake. Matengo yake, ile miti ya kuizuia isipinduke, hutoka nje pande zote mbili, tanga humzibia nahodha sehemu ya macho, na chombo hakigeuki papo hapo. Pita nyuma yake, kwa mbali. Ukiona vidumu au vipande vya boya vimeelea vimejipanga, hapo pana wavu au malema, yaani mitego ya samaki. Zunguka safu nzima, usipite katikati. Jahazi la mvuvi likikupungia mkono, huenda si salamu.

Bendera nyekundu yenye mstari mweupe wa mshazari, au ile ya buluu na nyeupe, maana yake kuna wazamiaji chini. Kaa mbali na uende taratibu. Kichwa kitakachoibuka hakitakuwa na muda wa kukuona.

Mlango wa Likoni na njia za meli za Kilindini si mahali pa kuvukia kwa kayaki. Meli haikwepi, na feri nazo zina kazi. Wenye kayaki wanaotaka maji matulivu wana Hori ya Tudor na ile ya Mtwapa, na mikoko yake.

Hatua ya 8: Ukifika kwenye mwamba

Sehemu kubwa ya bahari mbele ya Nyali, Bamburi na Shanzu imo katika hifadhi ya bahari ya Mombasa iliyotangazwa mwaka 1986, ambayo sasa iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Ndani kuna sehemu mbili: bustani yenyewe, ya kilomita za mraba 10, ambamo hakuna uvuvi wa aina yoyote, na akiba kubwa inayoizunguka, ambamo uvuvi wa asili unaruhusiwa. Kuna ada ya kuingia; ilipe.

Usitie nanga juu ya matumbawe. Funga kwenye boya. Usisimame juu yake ili kurekebisha miwani. Maji yakipwa siku za bamvua, watu hutembea hadi mwambani na kukanyaga kila kitu, na jioni wanalalamika juu ya miiba miguuni. Mwamba umelipiza tu. Epuka pia milango ya mwamba maji yanapokupwa, kwani bahari yote ya ndani inatokea hapo, na mkondo wake humshinda mpiga kasia hodari.

Hatua ya 9: Siku za umati

Idi, Pasaka na wiki mbili za mwisho za Desemba, ushauri wangu ni mmoja: nenda alfajiri au usiende Pirates kabisa. Wengi wanaokuja siku hizo wametoka bara, hawajawahi kuona kaiti wala hawajui jetiski inasimamaje, na hawana sababu ya kujua. Mwenye kujua ndiye mwenye kukwepa.

Kumbuka pia kwamba mwanamke aliyeingia majini na buibui hawezi kukimbia wala kuogelea kwa wepesi, maana nguo imelowa imemshika miguu. Mpe nafasi zaidi. Usielekeze kamera kwake, hata kama ulikuwa unalenga wimbi. Droni inahitaji kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kwa hiyo iache nyumbani. Ukitoka ufukoni kwenda dukani, jifunge leso au uvae shati. Mtaani si baharini.

Hatua ya 10: Kukiwa na ugomvi

Utatokea. Mtu atakupigia kelele, pengine bila haki. Shuka kwenye chombo kwanza; mtu aliye juu ya jetiski akiongea na aliye majini anaonekana anatisha hata akisema taratibu. Omba radhi kwa kile ulichokosa, kisha mtafute mtu mzima wa pale, nahodha au mzee wa diko, awasikilize nyote. Neno lake hushika kuliko la polisi. Umeharibu wavu? Ulizia bei ya kuushona na ulipe siku hiyo hiyo, mkononi mwa mwenyewe. Mtu akiumia au akipotea majini, piga 999 au 112, na wakati huohuo wakimbilie wenye mashua, kwa kuwa ndio watakaofika kwanza.

Hatua ya 11: Kurudi nyumbani

Madumu ya maji ya bomba pale kwenye vibanda yamenunuliwa na kubebwa. Nunua dumu lako la kuoshea vifaa, usiombe "kidogo tu" kisha ukamaliza la mama. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na plastiki za kutumia mara moja zikakatazwa fukweni tangu tarehe 5 Juni 2020, lakini vipande vya kamba, tepu na viraka vya kaiti havimo kwenye mawazo ya mtu yeyote hadi vimnase ndege mguu. Vikusanye.

Fukia mashimo yaliyochimbwa na wanao. Usiku mama kasa hupanda hapo, na zima tochi kama umechelewa.

Kisha mpitie yule mzee uliyemsalimu asubuhi, umwambie umesharudi. Ulimwambia saa tisa, sasa ni saa kumi kasorobo, na amekuwa akitupia macho nje ya mwamba tangu saa tisa na dakika tano.